Kilo sita za kahawa ya maganda

Wiki hii mmeuliza kama mtu aliyekwisha kuokoka bado anahitaji kuhubiriwa Injili, au sasa apewe chakula kigumu. Niliposoma swali nilitaka kujibu papo hapo kwamba hahitaji. Nimekulia Kagera, katika nyumba ya walokole, yaani Wakristo wa uamsho, na maneno "Yesu ameniokoa, damu yake imenitakasa" niliyajua kabla sijajua kusoma. Neno likisemwa kila Alhamisi kwa namna ile ile, hufika mahali likapita masikioni bila kuugusa moyo. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Wa kwetu hawahitaji kuelezwa ushirika wa ndugu, yale makutano ya kila wiki ya waliookoka kushuhudia na kuungama. Mwaka 1929 daktari mmisionari Mwingereza Joe Church na Mganda Simeoni Nsibambi walikaa siku mbili Kampala na Biblia zao, na miaka michache baadaye moto wa uamsho ukawaka Gahini, Rwanda. Ulivuka mipaka ukafika Bukoba, na wazazi wetu Walutheri wakaupokea pamoja na wimbo wake wa Kiganda. Mtu akimaliza kushuhudia, mwingine anaanzisha Tukutendereza, yaani "Twakusifu", wote wanadaka.

Katika ushirika wetu alikuwamo mzee mmoja, karani wa mizani kwenye chama cha msingi. Ushuhuda wake sisi watoto tuliujua wote: kabla hajaokoka aliiba mabati mawili ya misheni, akayaficha migombani, akakosa usingizi hadi alipoyarudisha. Alipofika penye "mabati mawili" tulikuwa tukitikisana viwiko.

Alhamisi moja mwaka 1988, nikiwa na miaka 11, alisimama kama kawaida. Chemli ilikuwa juu ya meza, sakafu imetandikwa nyasi mbichi, na harufu yake naikumbuka mpaka leo. Akasema, "Bwana Yesu asifiwe." Tukaitika. Akaanza habari za mabati, kisha akanyamaza, akanyamaza muda mrefu mpaka mama mmoja akakohoa ili kumsaidia. Ndipo akasema: "Ndugu zangu, mabati nayasimulia kwa sababu yako mbali. Jumanne hii nimepima kahawa ya maganda ya mama yule pale, nikaandika kilo 6 pungufu. Zile 6 nimeziandika kwa jina la mwanangu."

Mama aliyemtaja alikuwa mjane, ameketi karibu na mlango. Msimu uliotangulia alikuwa ameponea chupuchupu kuingia butura, yaani kuuza kahawa yake kwa bei ya chini ingali mtini, ili apate ada ya shule. Kilo 6 kwake hazikuwa kitu kidogo. Kila mtu alimtazama yeye, hakuna aliyemtazama mzee. Wimbo haukuanzishwa. Nilisubiri mtu aanze, kwa kuwa sikuwahi kuona ushuhuda ukiachwa vile bila kupokelewa. Na aliyeanza mwishowe alikuwa yule mjane, chini chini, kwa sauti iliyokuwa ikikatika. Tulimwacha aimbe mstari mzima peke yake.

Kesho yake mzee alimpelekea kilo zake, na nyingine juu yake. Ingeishia hapo, leo nisingekuwa na la kuwaandikia. Lakini ndugu walikaa wakakubaliana awe anaketi nyuma, asishuhudie wala asisome Neno, mpaka waone matunda. Mama yangu mzazi aliliunga mkono shauri hilo. Alisema neema isije ikafanywa ruhusa ya kuiba. Yule mzee alikaa nyuma ya mlango zaidi ya mwaka. Siku zote hizo wengine waliendelea kusimama mbele na kusimulia mabati yao, yaani dhambi za zamani walizokwisha kuzizoea.

Kufika hapa jibu langu la mwanzo limenigeuka. Watu wale hawakuwa wameichoka Injili. Walikuwa wameikumbuka kama habari ya siku waliyookoka, wakaisahau kwa ajili ya Jumanne. Petro alifanya hivyo hivyo kule Antiokia: alikuwa akila na watu wa mataifa, kisha kwa kuwaogopa wengine akajitenga na meza yao. Paulo hakumtafutia fundisho jipya. Alimkumbusha ile kweli ya Injili ambayo Petro mwenyewe alikuwa akiihubiri. Na kwa Warumi anawaandikia watu ambao imani yao ilishasifika kila mahali, halafu anawaambia yu tayari kuwahubiri Injili hata wao.

Kwa hiyo nasema ndiyo, ahubiriwe tena na tena, ila mnielewe vizuri. Chama kilipomtoa mzee kwenye mizani hakikukosea. Kusamehewa ni jambo moja, kukabidhiwa mizani ya wajane ni jingine. Wala sisemi kila dhambi iwekwe nuruni mbele ya watoto na majirani. Nimeona maungamo ya hadharani yakivunja nyumba ambayo mazungumzo ya faragha yangeiponya. Hata mama yangu siwezi kumhukumu sana, maana aliwahi kuibiwa na mtu aliyeita kila mmoja wetu ndugu.

Kinachoniuma ni kile kiti cha nyuma. Mwezi uliopita kijana mmoja wa jumuiya yetu amerudi baada ya miaka miwili ya ulevi. Mimi ndiye ninayepanga wasomaji wa Neno, na jina lake nimeliruka mara tatu, nikijiambia tusubiri tuone. Alhamisi hii nimemwandika asome Waefeso 2, sura ya kuokolewa kwa neema. Wazee wenzangu bado sijawaambia.