Ukungu wa Isyonje unaielemea laptop yangu

SWALI: Shikamoo Fundi. Natengeneza gemu kwa Godot 4, programu ya kuundia gemu: Fuso ya ndizi inatoka Tukuyu kuja Uyole. Ikifika Isyonje inaingia kwenye ukungu, na hapo fremu zinashuka hadi 11 kwa sekunde, feni inalia kama mashine ya kusaga. Laptop yangu haina kadi ya picha ya peke yake. Niuondoe ukungu? (Msomaji, Mwanjelwa)

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiuondoe! Nimewahi kuwa utingo kwenye barabara hiyo; Isyonje bila ukungu, watu wa Tukuyu watakucheka.

Fremu 11 maana yake kila picha inakula milisekunde 91 hivi. Ukitaka fremu 30, unazo 33 tu. Nahisi umewasha ukungu wa ujazo, ule ulioandikwa Volumetric. Huo huigawa hewa ya mbele ya kamera vijichumba vijichumba na kukokotoa mwanga wa kila kimoja. Uzime, washa ule wa kawaida kwenye Environment, yaani mipangilio ya mazingira. Huu wa kawaida hupaka rangi tu kufuatana na umbali.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Alfajiri pale Isyonje utingo haoni hata shamba la viazi lililo kando ya barabara. Kamera yako je? Usipoigusa, inaona hadi mita 4,000. Laptop inauchora mlima Rungwe na miti yake yote, halafu inaufunika. Umepika pilau ukaifukia! Shusha Far ya kamera, yaani mwisho wa kuona kwake, hadi mita 150, na rangi ya ukungu ifanane na ya anga ili ukingo usijulikane. Kivuli cha jua nacho kizime humo ndani. Kwani jua liko wapi?

Miti iweke kwenye MultiMesh, inayochora nakala nyingi za kitu kimoja kwa mkupuo, badala ya kila mmoja kusimama peke yake, ila igawe kwa vipande vya barabara. Ukiiweka yote pamoja, mti mmoja ukionekana itachorwa yote.

Ikibaki nzito, punguza kipimo cha picha za 3D hadi 0.7: pikseli zinabaki karibu nusu, maandishi ya spidi hayaguswi.

Halafu pima tena, V-Sync (inayofungamanisha fremu na skrini) ikiwa imezimwa. Ukiiacha, fremu zitagotea kwenye kasi ya skrini, na hutajua umebakiwa na nafasi kiasi gani ya kuongeza hata taa za Fuso inayokuja mbele.