Mumeo karudi kutoka kambini na usingizi hana

Pole sana dadangu. Umesema mumeo karudi kutoka kazi ya misaada kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab, usiku halali, mlango ukibamizwa anaruka, watoto wakipiga kelele anafoka. Tafadhali usimkalishe chini umlazimishe akuhadithie yote aloyaona huko maana kulazimishwa kwaweza kumuumiza zaidi, mwache aseme akitaka mwenyewe. Jioni mtoe mkapunge upepo pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa, mnywe madafu, simu ya kazi ibaki nyumbani. Halafu aulize ofisini kuhusu kaunsela, mashirika mengi yanalipia na mazungumzo ni siri, asiogope bosi. Mwezi ukipita na hali ni ile ile mpeleke hospitali, Port Reitz wanatibu mambo ya akili. Na miraa asiguse kabisa, nakuomba, itamkesha zaidi.