Waliniambia hongera

Swali lenu la wiki hii ni fupi: "Ukivamiwa na wezi, upambane au utoe ulichonacho?" Nimelisoma kibandani mchana, nikalisoma tena usiku nyumbani. Ninawajibu kwa kuandika na kidole gumba cha kushoto kwenye simu, kwa hiyo imenichukua siku tatu. Naomba mnivumilie urefu.

Mimi nilipambana. Nilipona. Mdogo wangu aliyekuja kuniokoa naye alipona. Kwa hesabu za mtaani sisi ni washindi, na mpaka leo nikipita sokoni yupo mtu atakayemwambia mwenzake, "Huyu ndiye yule dada aliyewatoa wezi mbio." Nataka niwaeleze ushindi wenyewe ulivyo.

Ni wakala wa fedha za simu huku Chamazi, Dar es Salaam. Kibanda changu ni upana wa meza moja na kiti. Machi 2021, saa mbili kasoro usiku, nilikuwa nimeshazima taa, natafuta kufuli, wakaingia vijana wawili. Mmoja ana panga, mwingine ana kisu kidogo cha jikoni, kile cha kumenyea viazi. Wakasema, "Mama, mkoba." Nikatoa. Hili naomba lieleweke, kwa sababu wengi wanalisimulia vingine: mwanzoni nilitoa.

Ndani ya mkoba mlikuwa na Sh1,640,000. Milioni moja kati ya hizo ni mkopo wa kikoba, kikundi chetu cha wanawake cha kuweka na kukopa, niliouchukua siku tisa kabla ili niongeze floti, yaani fedha ya kuwahudumia wateja. Nilipouona mkoba unageuka kuondoka nikawaona wanawake kumi na wanane wamekaa kwenye jamvi Jumamosi, daftari katikati, wananisubiri mimi. Nikaudaka mkanda. Nikapiga yowe, "Mwizi!"

Watu wanaosema "mimi ningefanya hivi, ningemkaba vile" wanazungumzia mwili walionao wakiwa wamekaa barazani. Huo mwili hauji nawe. Ninaoujua mimi ni huu: masikio yaliziba kama nimezama majini. Macho yaliona kitu kimoja tu, mkono ulioshika mkoba, ukucha wa kidole gumba umepasuka. Vidole vyangu vikawa vizito kama si vyangu. Baadaye daktari alinieleza kuwa ndivyo mwili unavyofanya ukimwaga adrenalini: damu inakimbilia misuli mikubwa, kazi ndogondogo za vidole zinaachwa, macho yanaona kama kwa kupitia bomba. Kisu kilipopita kiganjani sikusikia maumivu. Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya uvuguvugu, nikajiuliza nani amemwaga maji.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa kuchomelea, karakana yake ya tatu kutoka kwangu. Alikuja na alichokuwa ameshika, kipande cha nondo. Mwenye kisu akakimbia. Mwenye panga hakuwahi. Na nyuma ya mdogo wangu ukaja mtaa mzima, maana neno "mwizi" ukilitoa kinywani huna tena uwezo wa kulirudisha. Watu walimkanyaga yule kijana akiwa chini. Ilichukua muda gani siwezi kusema. Defender la polisi lilipofika wote walikuwa wamesambaa. Aliyebaki amesimama na nondo mkononi alikuwa mmoja.

Mengine niliyoyaona niliyaandika kwenye maelezo yangu polisi, na hapa siyarudii.

Tulipitia kituoni kuchukua PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi kutibiwa, ndipo hospitali. Kano mbili za kukunja vidole, cha mwisho na cha pete, zilikuwa zimekatika. Zilishonwa. Daktari akaniambia mapema, kwa upole, kwamba kano zikikatikia pale kiganjani zina tabia ya kugandana na kovu, kwa hiyo mazoezi ni miezi, na huenda vidole visirudi vyote. Havikurudi. Kwa kuwa damu ya watu wawili ilikuwa imechanganyika mikononi mwangu, nilianzishiwa dawa za kujikinga na VVU. Lazima zianze ndani ya saa 72, unazimeza siku 28. Kichefuchefu chake nakikumbuka kuliko mshono. Halafu unapima, unasubiri, unapima tena, na nyumbani mume wako anasubiri pamoja nawe bila kusema neno.

Siku ya tatu yule kijana akafariki.

Kabla ya hapo nilikuwa sijui sheria inasemaje, na nadhani wengi wenu hamjui, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kuanzia kifungu cha 18, inakupa haki ya kujitetea, kumtetea mwenzako na kutetea mali. Ni haki ya kweli. Lakini kifungu cha 18B kinasema nguvu unayotumia iwe ya kiasi, inayohitajika kwa kujitetea, basi. Ukizidisha na mtu akafa, hilo ni kosa la kuua bila kukusudia, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Sasa, kiasi ni kipi? Daktari aliona majeraha mawili makubwa kwa marehemu, moja la mkono na moja la kisogoni. La mkono halikuwa na shida, mkono ndio ulioshika panga. Swali likawa hilo la kisogoni: liliingia lini, kabla panga halijaanguka au baada? Na ni la nani, la nondo au la viatu vya watu? Tukio zima halikufika dakika moja, na maisha ya mdogo wangu yakawa yamesimama juu ya sekunde moja ya dakika hiyo. Yeye mwenyewe haikumbuki. Anakumbuka yowe langu, anakumbuka panga, kisha anakumbuka yuko ndani ya gari la polisi na mkono unatetemeka.

Alishtakiwa kwa kuua kwa kukusudia. Kosa hilo halina dhamana. Siku ya kwanza kizimbani hakutakiwa kujibu chochote, kwa kuwa mahakama ile haikuwa na mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Hiyo ni ya Mahakama Kuu. Nilikuwa nimesikia maneno hayo kwenye taarifa ya habari maisha yangu yote bila kuyasikiliza. Akapelekwa mahabusu. Baada ya hapo ni kutajwa: unaamka alfajiri, unapanda daladala mbili, unakaa kwenye benchi, unasikia upelelezi haujakamilika, unapewa tarehe nyingine. Nenda, rudi, miezi ishirini.

Hati ya mashtaka ndiyo iliyotufundisha jina kamili la yule kijana. Mama yake alikuwa akija kila tarehe. Alikaa benchi la upande wa dirishani, sisi upande wa mlango. Hatukuwahi kusemeshana. Mara moja tu mvua ilinyesha sana, tukajikuta wote tumejibanza chini ya kibaraza kimoja, akasogea ili mkono wangu wenye bandeji usilowe. Mpaka leo sijapata pa kuliweka jambo hilo.

Na ule mkoba? Ulipatikana palepale, pesa zote zimo. Ukachukuliwa kuwa kielelezo. Kwa hiyo fedha niliyomnyima mwizi sikuishika mpaka kesi ilipoisha. Kikoba nilikilipa kwa kuuza friji na cherehani. Wakili tulimlipa kwa kiwanja cha mama kule kijijini.

Wakati huo wote watu walikuwa wananipa hongera. Nikiwa na bandeji mpaka kwenye kiwiko naambiwa hongera, mmewakomesha. Mwaka 2022, vijana wa Panya Road, yale magenge ya uporaji kwa mapanga, walipoitikisa Dar, kila mtaa ukawa unazungumzia ulinzi, na kwenye mkutano wa mtaa wetu mzee mmoja alisimama akasema tunahitaji vijana kama mdogo wangu. Makofi yakapigwa. Mdogo wangu alikuwa mahabusu mwaka na nusu tayari, na katika wote waliopiga makofi hakuna aliyekuwa amekwenda kuandikisha maelezo kwamba naye alikuwepo usiku ule na aliona nini. Siwalaumu kwa hasira. Waliogopa, na walikuwa na sababu ya kuogopa. Ila nilitaka mtu mmoja aseme pole.

Novemba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka alisema hana nia ya kuendelea na shauri, mdogo wangu akaachiwa. Tulilia, tukachinja mbuzi. Jioni wakili akaniita pembeni. Akanieleza kuwa kuondolewa shauri kwa njia hiyo, chini ya kifungu cha 91 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, si sawa na kushinda kesi. Hakuna jaji aliyesema "hukukosea". Sheria inaruhusu mtu akamatwe tena na kushtakiwa kwa jambo lilelile. Kwa hiyo hakuhukumiwa, lakini pia hakuna aliyemtua mzigo. Yupo katikati, na anakaa hapo mpaka sasa.

Alirudi karakana siku mbili tu. Nondo ikidondoka kwenye sakafu anaganda, uso unamtoka jasho. Akaacha. Sasa anauza matunda. Tangu atoke hachinji hata kuku. Sikukuu tunamwita jirani. Akija kwangu hakai mpaka apate kiti kinachotazama mlango. Niliwahi kumpeleka kwa mshauri wa afya ya akili, akatueleza kuwa hicho ni kiwewe na kinatibika, kinataka muda na kurudi mara kwa mara. Akaenda mara nne, ikamsaidia kulala. Ya tano hakwenda. Nami simsukumi, ingawa huenda ninakosea.

Sasa nalijibu swali lenu. Toa. Toa mkoba, toa simu, toa funguo, mtazame miguuni usimkazie macho, muache aondoke. Ukiwa na njia ya kukimbia, kimbia. Sisemi hivi kwa kuwa haki ya kujitetea ni mbaya. Nasema kwa sababu nimeona kinachokuja baada yake hata pale unaposhinda. Mdogo wangu aliokoa maisha yangu, labda. Hilo "labda" ndilo ninalolala nalo: walikuwa wanaondoka. Mimi ndiye niliyewarudisha kwa kuudaka mkanda.

Lakini kuna watu ambao siwezi kuwaambia "toa". Mwanamke anayeburutwa kwenda pagalani hana mkoba wa kutoa. Anayekaribia kutekwa naye hana. Sheria nayo inalijua hilo. Kifungu cha 18C kinaruhusu kujitetea hata mshambuliaji akafa, pale unapohofia kuuawa, kujeruhiwa vibaya, kubakwa au kutekwa. Kwa hao sina ushauri, nina ombi kwa wanaowazunguka: msianze na "ungefanya hivi". Msianze na hongera pia. Kaeni naye. Mpelekeni hospitali ndani ya saa 72. Kama mliona kitu, nendeni mkaandikishe.

Kuna jambo moja zaidi, nalo ndilo linaloniuma kuliko yote kwa sababu lingewezekana mapema. Mimi sikupigania pesa, nilipigania deni. Tulipolizungumza kwenye kikoba, ilichukua Jumamosi tatu na maneno mengi, maana wapo waliosema watu watajiibia wenyewe. Mwishowe tuliandika kwenye katiba yetu: mwanachama akivamiwa na akaripoti polisi, marejesho yake yanasimama miezi mitatu, bila faini. Mistari miwili. Kila mwanamke anayefunga biashara usiku na mkopo ndani ya mkoba anastahili mistari miwili ya namna hiyo kabla hajakutana na kisu. Mimi sasa nafunga saa kumi na moja jioni. Napoteza wateja wa jioni, ambao ndio wengi. Pesa nahesabu kwa mkono wa kushoto, na wateja wageni huwa wanadhani nawachelewesha makusudi.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinijia na ile karatasi ya mahakama inayoonyesha shauri limeondolewa. Huwa anatembea nayo mfuko wa shati, ndani ya nailoni, popote anapokwenda, hata sokoni kuuza ndizi. Imeanza kuchanika kwenye mikunjo. Tukaenda stesheneri kuitoa kopi kabla haijaharibika. Kijana wa pale akauliza tunataka ngapi. Nikasema moja inatosha. Mdogo wangu akasema tatu: moja yake, moja ya mama, na moja nikae nayo mimi kibandani, endapo watamkuta njiani hana.

Msomaji, Chamazi, Dar es Salaam