Mtoto aliyeachishwa ziwa

Tumsifu Yesu Kristo, dada. Umeuliza utamtumainije Mungu kama mtoto mdogo wakati wewe ni mtu mzima, una kodi ya nyumba na ada za shule, na umeomba mwaka mzima bila kuona jibu. Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi mwaka 2016.

Nilipunguzwa kazini mwezi wa tatu. Nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, mtu wa kutangulia kwenye kila mchango. Sikujua kama humo kulikuwa na kiburi, nilidhani ni ukarimu mtupu. Mwezi wa sita jumuiya wakaja kusali kwetu. Baada ya sala, mama mmoja mjane, ambaye mimi ndiye niliyezoea kumwombea msaada parokiani, akamkabidhi mke wangu unga kilo tano na dagaa waliofungwa kwenye gazeti. Nikasingizia simu, nikaingia chumbani, nikakaa kitandani nimeishika simu iliyozimwa mpaka wageni walipoondoka. Kutoa nilikuwa nakujua. Kupokea kulinishinda.

Siku hizohizo mke wangu alikuwa anamwachisha ziwa binti yetu. Alipaka shubiri. Mtoto anaonja, anakunja uso, analia huku akimpiga mama yake kifuani kwa viganja. Usiku wa tatu sauti ilikuwa imemkauka. Kama usiku wa tano hivi akaja mwenyewe, akapanda mapajani, akalaza kichwa palepale kifuani wala hakutafuta kitu. Usingizi ukampitia.

Zaburi ya 131 nimeisali tangu ujana, nayo ina aya tatu tu, lakini ni usiku ule nilipoisikia: "kama mtoto aliyeachishwa kifuani mwa mama yake." Aliyeachishwa, dada, si anayenyonya! Na zamani zile watoto walichelewa kuachishwa. Yule mama wa kitabu cha Wamakabayo wa Pili katika Biblia, sura ya 7, anamwambia mwanawe kwamba alimnyonyesha miaka mitatu. Huyo ni mtoto anayetembea na kusema, anajua kabisa amenyimwa nini. Ameshalia sana. Na bado anakwenda kwa yuleyule aliyemnyima.

Kwa hiyo usidhani kuwa kama mtoto ni kujifanya huoni madeni. Hata pale Matayo 18 Yesu anapomsimamisha mtoto katikati, anawajibu wanafunzi waliouliza nani aliye mkuu. Mtoto hakuwa na cheo cha kulinda. Mimi nilikuwa nalinda cha mwenyekiti.

Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, ambaye wengi tunamjua kwa maua na tabasamu lake kwenye picha, tangu Pasaka ya 1896 aliishi katika giza la imani huku kifua kikuu kikimla. Mbingu aliyoitamani tangu utoto ikawa kama ukuta mbele yake. Hakuacha kusali, wala hakuacha kumwita Mungu Baba, hadi alipofariki Septemba 30, 1897, akiwa na miaka 24. Kanisa limemwita Mwalimu kwa njia hiyohiyo ya udogo.

Nilichofanya mimi ni hiki: kila usiku nilisali zaburi ile, kisha nikakaa kimya dakika chache bila kuomba chochote. Mwanzoni ni kugumu kweli, kichwa kinahesabu madeni tu. Usikifokee. Kulia nako ruhusa, maana binti yangu alilia kwanza. Na mtu akikuletea kitu, pokea kwa mikono miwili na usianze papo hapo kupiga hesabu ya kulipa.

Kazi nilipata baada ya miezi kumi na minne, kwa mshahara mdogo kuliko wa mwanzo. Lakini kabla ya hapo, nikiwa bado sina kitu, nilikwenda kwa yule mama mjane kumshukuru kwa unga na dagaa. Akanikaribisha ndani, akaniwekea chai ya rangi na viazi vitamu viwili. Nikala vyote.