Si 75, Ni 36: Nilivyojifunza Kujaza Chati ya Meno

Mtoto alikuwa na miaka minane, gego la chini kushoto limetoboka, na mimi nilikuwa mwanafunzi mwenye haraka ya kuonekana najua. Nikahesabu kutoka katikati ya taya: meno mawili ya mbele, chonge, gego, gego. La tano. Nikaandika 75 kwenye chati, namba ya gego la pili la utoto la chini kushoto, na pembeni yake "ling'olewe". Jino la utoto, bovu, lina mwenzake anayekuja chini yake; kuna la kujadili hapo? Trei ilikuwa tayari, sindano ya ganzi iko juu yake.

Mwalimu wangu alikuja, akachukua kioo, akatazama kwa muda mfupi sana. "Hili uliloliita 74, umelitazama?"

"Ndiyo, mwalimu. Nimehesabu."

"Sijauliza kama umehesabu, mwanangu."

Basi nikatazama. Gego la kwanza la utoto la taya la chini, yaani 74, halifanani na jino lingine lolote mdomoni. Lile nililokuwa naliangalia lilikuwa na sura ya 36, gego la kwanza la ukubwani, iliyopunguzwa kimo, na hiyo ndiyo sura ya 75. Tulipomuuliza mama, akasema mtoto aling'olewa jino upande ule akiwa na miaka minne. Nafasi ilikuwa imejifunga, meno ya nyuma yamesogea mbele, na hilo bovu la tano nililotaka kuling'oa lilikuwa 36 yenyewe: gego la kwanza la ukubwani, linaloota karibu na miaka sita na halina wa kulirithi.

Tangu siku hiyo nafanya kinyume cha nilivyofundishwa na daftari langu. Jino nalitambua kwanza kwa sura yake, halafu ndipo nahesabu ili kuhakiki. Majibu mawili yakigombana, sura ndiyo inayoshinda mara nyingi, na ugomvi wenyewe ni habari: kuna jino limetoka, limezidi, limechelewa au limehama. Ukianza kwa kuhesabu, ugomvi huo huusikii kabisa.

Kwa anayeanza, mfumo tunaotumia huku kwetu ni wa FDI, shirikisho la madaktari wa meno duniani, wa tarakimu mbili. Mdomo umegawanywa robo nne: 1 ni juu kulia, 2 juu kushoto, 3 chini kushoto, 4 chini kulia. Kwa meno ya utoto robo hizo huitwa 5, 6, 7 na 8 kwa mpangilio uleule. Tarakimu ya pili ni nafasi ya jino kutoka katikati, 1 hadi 8 kwa mkubwa na 1 hadi 5 kwa mtoto. Kulia ni kulia kwa mgonjwa, si kwako. Hili kila mtu analijua darasani na kila mtu analikosea wiki ya kwanza, kwa sababu umekaa unamtazama uso kwa uso. Mimi nilikuwa naweka mkono wangu kwenye bega la kulia la mgonjwa kabla ya kutaja jino la kwanza. Wenzangu walicheka, lakini chati zangu zikaacha kugeuka.

Na tarakimu zisomwe moja moja. "Moja-sita", si "kumi na sita". Si urembo huo. Wamarekani wanahesabu meno ya mkubwa 1 hadi 32 mfululizo, wakianzia gego la mwisho la juu kulia. Siku moja alikuja mama aliyekuwa amekaa kwa mwanawe Marekani, na karatasi inayosema jino namba 14 lilitibiwa mzizi na kuvikwa kofia. Nikatazama 14 yetu, gego dogo la kwanza la juu kulia: zima kabisa, halina hata doa. Nikaanza kumshuku mama wa watu kwamba kachanganya karatasi, kumbe 14 yao ni 26 yetu, gego la kwanza la juu kushoto, na kofia ilikuwa pale inang'aa. Ukipokea barua kutoka nje, hakikisha kwanza imeandikwa kwa mfumo gani, kisha andika jina la jino kwa maneno kando ya namba.

Kiswahili nacho kina mtego wake ambao hakuna aliyenionya. "Nne" na "nane" zikitoka nyuma ya barakoa huku kompresa inanguruma ni neno moja. Ukisema "nne-nane" muuguzi anaandika 44, na gego dogo linabeba dhambi za gego la mwisho. Tulikubaliana na muuguzi wangu kwamba kila jino nikilitaja analirudia kwa sauti, na nane tunaiongezea "la mwisho". Inachelewesha kidogo. Nikifanya kazi peke yangu, ambayo ndiyo hali ya kliniki nyingi za wilaya, nachunguza robo moja, naweka kioo chini, navua glavu, naandika, naendelea. Atakayekuambia anashika midomo minne kichwani hadi jioni, usimwamini.

Mpangilio uwe uleule kila siku: mimi naanza 18 kwenda 28, nashuka 38, namalizia 48. Meno yakaushwe kabla ya kutazamwa. Doa jeupe la mwanzo wa kuoza halionekani kwenye jino lenye mate, hujitokeza ukilipuliza hewa kama sekunde tano, na pasipo hewa kipande cha pamba kinasaidia. Ugaga ukiwa umefunika shingo ya jino usiandike "zima", maana hujaliona. Na ile tabia ya kuchoma kila doa kwa probu yenye ncha kali iache, doa changa unaweza kulitoboa mwenyewe halafu ukaliandika kama shimo ulilolikuta. Tumia yenye kichwa cha mviringo, na uipitishe taratibu.

Sasa niseme lililonichukua muda mrefu kuliko yote: kuandika ninachokiona kabla ya ninachokidhania. Nilipopangiwa kazi upande wa Arusha, wiki ya kwanza chati zangu zilijaa meno yaliyooza. Meno ya kahawia, yenye vijishimo, mtoto baada ya mtoto. Yalikuwa madini ya floridi kwenye maji ya kunywa, jambo linalojulikana sana ukanda ule wa Bonde la Ufa, na mimi nilikuwa nalisoma kama ubovu. Tofauti ipo ukitulia. Floridi huandika pande mbili kwa pamoja: 11 ikiwa na mistari, 21 nayo inayo, na mara nyingi ya aina ileile. Kuoza hakuna adabu hiyo, hukaa kwenye mifereji ya kutafunia, katikati ya jino na jino, kando ya fizi. Kwa floridi kuna kipimo cha Thylstrup na Fejerskov cha mwaka 1978, chenye ngazi 0 hadi 9. Usipokuwa nacho mkononi andika tu: "kahawia, pande zote mbili, uso mgumu". Atakayekuja baada yako ataelewa. Ukiandika "limeoza" umemfungia mlango.

Vivyo hivyo kwa jino lisilokuwepo. "Halipo" ni nilichokiona, "liling'olewa" ni nilichoambiwa, au nimebuni. Mtoto wa miaka mitatu asiye na chonge za chini huenda alitolewa akiwa mchanga, baada ya mtu kuwaambia wazazi kwamba homa na kuhara kunatokana na "meno ya nailoni", jina la mtaani la chonge za utoto ambazo hazijaota. Uliza kwa upole, bila kukunja uso, la sivyo mama atakuambia alianguka. Kisha andika: 73 na 83 hazipo, mama anaeleza zilitolewa nyumbani. Maelezo hayo yana kazi baadaye, kwa sababu chombo kilichofukua chonge za utoto huenda kiligusa pia mbegu za 33 na 43, na ziko hatarini kuota na kasoro au kutoota kabisa. Mzee wa Kijaluo asiye na meno sita ya mbele chini, au wa Kimaasai asiye na 31 na 41, naye ana hadithi isiyo ya ugonjwa: yalitolewa kwa mila. Chati inayosema tu "hazipo" bila sababu itamfanya mtu atafute ugonjwa wa fizi ambao haukuwahi kuwepo.

Kingine ni nafasi tupu. Kisanduku kisicho na alama kinamaanisha nini: jino zima, jino ambalo sikulitazama, au mgonjwa alifunga mdomo? Mimi kila jino naliwekea alama, hata zima, na nililoshindwa kuliona naandika "halikuonekana" pamoja na sababu. Hili si la usafi wa makaratasi tu. Baada ya ajali kubwa na mioto, meno ni miongoni mwa njia tatu ambazo Interpol huziweka mbele katika kutambua maiti, pamoja na alama za vidole na vinasaba, na kinacholinganishwa na meno hayo ni chati kama yako, picha za eksirei zikiwepo. Nafasi tupu haimsaidii mtu anayemtafuta ndugu yake.

Pande za jino nazitaja kwa Kiswahili hata kama herufi zinabaki zilezile za kitabuni: wa kutafunia, wa shavuni, wa ulimi au kaakaa, wa kuelekea katikati, wa nyuma. Muuguzi anaelewa, na mgonjwa aliyelala pale anasikia kinachosemwa juu yake. Kuna bibi aliwahi kuninyoshea kidole: "Daktari, umesema shavuni, mimi linaniuma huku ndani." Alikuwa sahihi. Lililouma lilikuwa jino la jirani.

Ukikosea, piga mstari mmoja ili kosa lisomeke, weka sahihi na tarehe, andika sahihisho pembeni. Usipake ile dawa nyeupe ya kufutia. Chati ya yule mtoto ilikuwa na mstari juu ya 75 na sahihi yangu iliyotetemeka, na chini yake kwa mwandiko wa mwalimu: 36, upande wa kutafunia, limezibwa.