Barua kwa mwanangu: mashine ya korona na panga la babu yako

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Umeniuliza, kwa kuwa kiwandani kwenu wanaleta mashine ya kufungasha, kama mashine za mkonge zilimpunguzia babu yako kazi au zilimwongezea. Mimi nimezaliwa kambini Korogwe, nayajua kwa kuyaona na kwa kusimuliwa.

Zilimwongezea.

Mkonge wenyewe si wa kwetu. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000, mwaka 1893 ikafika hai 62 tu, na hiyo ndiyo iliyojaza Tanga. Kabla ya hapo watu walitengeneza kamba kwa mkonge wa porini, mmea mwingine wa kwetu, wakikwangua jani moja moja kwa mkono. Inachosha, ila mtu akichoka anakaa kivulini. Korona, mashine ya kutoa katani kwenye majani, ikaja kuchukua kazi hiyo ya kukwangua, inameza maelfu ya majani kwa saa. Haya, nani ailishe? Jani likishakatwa halingoji, likikauka katani haitoki vizuri. Tena katika kilo 100 za majani unapata katani kilo 4 hivi. Zilizobaki ni maji na makapi, nazo pia mtu alizibeba begani hadi kwenye troli. Mashine moja katikati ya shamba ikahitaji mamia ya watu wa panga, na hadi leo mkonge unakatwa kwa mkono.

Babu yako alitoka Kigoma akiwa manamba, kibarua wa mkataba. Aliletwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa 1944 kutafuta vibarua bara. Kazi ilikwenda kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi, uzimalize ndani ya siku 42. Na siku haikuwa siku mpaka ngwe, kazi uliyopimiwa, iishe. Unainama, unakata majani ya chini, unaondoa mwiba wa nchani, unafunga mizigo, mnyapara anapita kuhesabu. Ikipungua, kipande hakiandikwi, hata kama umeshinda juani tangu alfajiri. Maji ya mkonge yanawasha. Babu alikuwa akijipaka mafuta ya nazi mikononi kila jioni na bado anajikuna usiku kucha. Waliokuwa kwenye brashi, wanaosafisha katani kabla ya kufungwa marobota, wao walikohoa vumbi.

Nisimwonee mzungu wa watu kwa kila kitu. Mshahara huo mdogo ndio ulionunua baiskeli na kunisomesha mimi. Na kule kuwarundika watu wa makabila yote kambi moja kuliwapa chama cha wafanyakazi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wakagoma, mishahara ikapanda. Wenye mashamba nao wakapunguza watu, waliobaki wakaongezewa kazi. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ya katani ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa 1967, na kambi yetu ikaanza kuhama nyumba baada ya nyumba.

Kwa hiyo, baba, kabla haijafungwa hiyo mashine, nenda kwa mwakilishi wenu wa chama. Muulize mtatakiwa maboksi mangapi kwa zamu, nani kapanga idadi hiyo, na mashine ikiharibika kwa saa mbili, muda huo unakatwa kwa nani. Majibu myapate kwa maandishi, na nyote muwepo.

Hela ya dawa imefika. Nisalimie mkweo na wajukuu.

Mama yako