Mdogo wangu atatubebea mimba Texas: nani ataandikwa mama?

Swali: Wakili, shikamoo. Mimi na mume wangu tunaishi Dallas. Kizazi changu kilitolewa. Mdogo wangu yuko Houston, ameolewa, ana watoto wawili, na amekubali kutubebea mimba kwa yai langu na mbegu za mume wangu. Kliniki inataka kupandikiza kiinitete (yai lililokwisha rutubishwa) wiki tatu zijazo. Mtu na mdogo wake wanahitaji mkataba kweli?

Jibu: Marahaba, mama. Mnauhitaji, tena haraka. Texas inamtambua aliyejifungua kuwa ndiye mama, na mumewe anachukuliwa kuwa baba mpaka ithibitishwe vinginevyo. Yaani shemeji yako anaweza kugeuka baba wa mwanao naye hana habari.

Dawa yake imo katika sura ya 160 ya Sheria ya Familia ya Texas. Mkataba uwe wa maandishi, muutie saini ninyi wawili, mdogo wako na mumewe, kabla hazijabaki siku 14 kufikia upandikizaji. Kwa hiyo mna kama wiki moja tu! Mwambieni daktari asubiri. Na msiandike kifungu cha kumpangia mdogo wako maamuzi ya afya yake akiwa mjamzito, sheria inakikataa.

Saini peke yake haitoshi. Mkataba unapelekwa mahakamani, jaji authibitishe. Atataka ushahidi wa daktari kwamba huwezi kubeba mimba, na kwamba mdogo wako amewahi kuzaa. Ninyi au yeye muwe mmeishi Texas siku 90. Ndoa yenu pia ni sharti. Kuna na ukaguzi wa nyumbani kwenu, kuona kama mnafaa kulea, ingawa jaji anaweza kuusamehe.

Mkiruka hatua hii, mkataba hauna nguvu, lakini bado mnaweza kudaiwa matunzo ya mtoto. Mzigo mnaubeba, uzazi hamna.

Mtoto akizaliwa, pelekeni taarifa mahakamani ndani ya siku 300 tangu upandikizaji. Mimba yenyewe inakula karibu 266, kwa hiyo msingoje arobaini ipite. Jaji ataamuru cheti kitoke kwa majina yenu.

Mdogo wako asisafiri miezi ya mwisho, maana kila jimbo lina sheria yake. Illinois huandika wazazi waliokusudiwa, yaani wanaobebewa mimba kama ninyi, bila hata kwenda mahakamani, mradi karatasi zimekamilika kabla ya kuzaliwa. Nebraska haiutambui mkataba wa kumlipa anayebeba mimba. Akishikwa na uchungu nje ya Texas, nipigieni kabla hamjajaza fomu ya hospitali.